Haja kubwa siku saba juu ya theluji: nyie mnafanyaje?

Hatua kwa Hatua:

Wakuu, habari zenu. Nina swali ambalo nimetembea nalo wiki mbili nikitafuta wa kumuuliza. Kila nikilianza mbele ya watu wanacheka, na mazungumzo yanafia hapo. Naomba tulizungumze kwa uzito wake.

Mimi na wenzangu watatu tunajiandaa kupanda mlima wenye barafuto, ule mto wa barafu unaosogea polepole. Tutakaa siku saba juu ya mstari wa theluji, kambi mbili, mahema mawili, bila wapagazi na bila kibanda chochote njiani. Choo hakuna. Kupanda si jambo geni kwangu, ila milima yote niliyopanda ilikuwa na vyoo vya shimo kambini, au angalau kulikuwa na udongo wa kuchimba. Safari hii ni mwamba, barafu na theluji basi.

Mizigo tumeshagawana: nani abebe kamba, nani jiko, nani gesi. Nilipouliza "na choo je?", mmoja alisema tutachimba kwenye theluji. Wa pili akasema barafuto ina nyufa zisizo na mwisho, tutatupia humo na hakuna atakayekiona tena. Wa tatu akasema yeye hujibana tu. Akipunguza kula na kunywa anaweza kumaliza siku nne. Nilinyamaza, lakini sikuridhika.

Sababu ya kutoridhika ni hii. Safari yangu iliyopita, kambi ya mwisho kabla ya kilele, nilikwenda nyuma ya jabali moja kubwa kutafuta faragha. Nikakuta kila aliyewahi kulala pale alikuwa na wazo hilohilo. Karatasi zilikuwa zimegandamana na mawe kama magamba. Hatua thelathini chini ya jabali lile ndipo tulipokuwa tunachota theluji ya kuyeyusha. Kiu ilinishinda, nikanywa huku najua. Hadi leo nikikumbuka ule usiku roho inanisononeka.

Naomba waliokaa juu siku nyingi wanieleze waziwazi. Mnajisaidia vipi hasa, hatua kwa hatua? Mnabeba kwenye nini? Uzito unakuwaje? Na usiku upepo ukivuma, mtu anatoka au anafanyia hemani?

---

Mama Kamba:

Mdogo wangu, asante kwa kuuliza kabla hujaondoka. Wengi huuliza wakiwa wamesharudi, au hawaulizi kabisa. Nimeongoza watu kwenye barafu miaka kumi na tisa, na hili jambo naliweka sambamba na kufunga kamba. Nitajibu kwa urefu, nivumilie.

Nianze na huyo anayesema mtachimba kwenye theluji, maana hata mimi nilikuwa huyo. Mwaka wangu wa tatu tulilala usiku nne kwenye shingo ya mlima, chini kidogo ya kilele. Tulikuwa sita. Tulichimba shimo lililonifika kiunoni, tukalitumia sote, tukafukia na kushindilia kwa koleo. Tuliondoka tukijiona watu wastaarabu. Mwisho wa kiangazi kilekile nikarudi palepale na kikundi kingine. Theluji ilikuwa imeshuka kupita kimo cha mtu. Choo chetu kilikuwa juu kabisa, peupe, kila kitu kama tulivyokiacha, na kijito cha maji ya kuyeyuka kilipita katikati yake kikielekea kwenye mahema ya watu waliotutangulia kufika. Nilijua ni chetu kwa sababu karatasi zilikuwa za rangi ya waridi, na ni mimi niliyezinunua.

Niliokota vyote. Ilinichukua asubuhi nzima, na wale niliowaongoza walikaa wakinisubiri. Niliwaambia ukweli kwamba ni sisi tuliofanya vile.

Theluji haiozeshi kitu. Kinyesi kikioza huwa ni kazi ya vijidudu vya udongoni, na vijidudu hivyo vinataka joto, unyevu, hewa na udongo wenyewe. Juu huko hakuna hata kimoja. Kufukia kwenye theluji ni sawa na kuweka ndani ya friji na kumwachia mwingine aje kufungua mlango. Hata kwenye udongo wa milimani mambo hayaendi haraka kama tunavyodhani: kwenye milima ya Montana, Marekani, watafiti walifukia kinyesi chenye bakteria za majaribio na kuchapisha matokeo mwaka 1982. Baada ya majira ya baridi kupita, bakteria walikuwa bado wako hai ardhini.

Kwa hiyo jibu langu ni moja: kinachotoka mwilini mwako kwa njia ya haja kubwa, unashuka nacho. Chote, pamoja na karatasi.

Sasa namna ya kufanya. Kuna mifuko inayotengenezwa kwa kazi hii. Inakuja miwili miwili: wa ndani mwepesi na mpana, wenye poda ambayo ikikutana na majimaji inayageuza kuwa kama jeli na kupunguza harufu, wa nje mnene, unaofungwa kwa zipu. Ukiikosa, tengeneza mwenyewe: mfuko imara wa ndani, viganja viwili vya mchanga wa choo cha paka, halafu mfuko mzito wa zipu juu yake. Nimetumia yote miwili, na tofauti kubwa ni harufu tu siku ya kushuka.

Kojoa kwanza, mahali pengine. Hili watu hulidharau, na ndilo linaloamua kama mfuko wako utakuwa mwepesi au utakuwa ndoo. Halafu chimba kishimo kifupi kwenye theluji, kina cha kiganja kimoja. Tandaza mfuko wa ndani ukiwa wazi kabisa, kingo zake zigandamize kwa mabonge ya theluji ili upepo usiuinue. Chuchumaa, maliza. Kwa kujisafisha, mimi hutumia bonge la theluji lililoshindiliwa, laini, lenye umbo la yai, halafu karatasi mbili tu za kukaushia. Kila kitu kinaingia mfukoni. Kusanya kingo, toa hewa taratibu huku uso umeugeuzia pembeni, sokota, funga fundo. Kisha mfuko wa nje, toa hewa tena, funga zipu. Mara ya kwanza itakuchukua dakika kumi na utachukia. Kufikia siku ya tatu utakuwa unamaliza kwa dakika tatu.

Tafadhali fanya mazoezi nyumbani. Nasema kwa dhati. Tandaza mfuko bafuni, chuchumaa, jaribu. Mara nyingi nimeona watu wazima, wapandaji hodari, wakishindwa kulenga kwa sababu hawajawahi kuchuchumaa wamevaa mkanda wa kamba na tabaka tatu za nguo. Na angalia mkanda wako: mingi ina vifungo nyuma ya mapaja vinavyofunguka bila kuvua mkanda wa kiunoni. Tafuta vilipo ukiwa umevaa glavu. Kwenye barafuto, mkanda wa kiunoni hauvuliwi na kamba haifunguliwi nje ya eneo la kambi mliloshapima kwa fimbo kwamba halina nyufa zilizofichwa. Wenzako watageuza nyuso. Faragha kwenye kamba ndiyo hiyo, na inatosha.

Idadi: mfuko mmoja kwa mtu kwa siku, ongeza miwili kwa kila mtu, maana tumbo huko juu halitabiriki. Kwenu nyie wanne kwa siku saba ni mifuko 28 na ya akiba minane.

Umeuliza uzito. Mtu mzima hutoa takriban gramu 100 hadi 250 kwa siku. Kwa siku saba ni chini ya kilo mbili hata ukiwa wa upande mzito. Wakati huohuo chakula kimekwisha na gesi imekwisha. Mzigo wa kushuka bado ni mwepesi kuliko wa kupanda.

Pa kubebea patakuwa chombo kigumu chenye kifuniko kinachobana, kifungwe nje ya mkoba upande wa chini, mbali na chakula. Mfuko peke yake ndani ya mkoba utapasuka siku utakapoukalia. Kwenye mlima Denali, Alaska, mgambo wa hifadhi aitwaye Roger Robinson alibuni mkebe maalumu, wa ujazo wa lita saba hivi, na wapandaji hupewa kabla ya kuingia barafuni. Nyie ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko wa kuzungusha itawafaa. Ikikaa kivulini kinyesi kitaganda kama jiwe na hakina harufu. Shida huanza siku ya kushuka jua likiwaka. Siku hiyo msikiweke chombo juani na msikifungue.

Usiku na upepo. Haja ndogo: chupa hemani, moja kwa kila mtu, mdomo mpana, ujazo wa lita moja. Izungushie utepe mnene au kamba, ili vidole viitambue gizani na usiichanganye na ya kunywea. Lala nayo ndani ya begi la kulalia, ukiiacha nje itaganda na asubuhi hutaweza kuimwaga. Haja kubwa dhoruba ikiwa kali: ukumbini mwa hema, mfuko umetandazwa, mwenzako amejifunika begi lake. Si raha, lakini ni salama.

Salama nasema kwa sababu. Mei 1996, kambi ya tatu ya Everest, mpandaji mmoja wa Taiwan alitoka hemani asubuhi kwenda kujisaidia akiwa na viatu vya ndani tu, vyenye soli laini, bila kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu. Aliteleza kwenye ule mteremko wa Lhotse, mlima jirani ambao njia ya Everest inaupitia, na alifariki siku hiyohiyo. Mtu usingizini hufikiri "ni hatua tano tu". Kwangu sheria ni kwamba hakuna anayetoka hemani bila viatu kamili, na mteremko ukiwepo, bila kramponi na kamba.

Bado sijasema chochote kuhusu mikono na maji. Nitarudi jioni.

---

Jabali:

Mama Kamba, heshima yako. Lakini naona tunamtisha mwenzetu. Nyufa za barafuto zina kina cha makumi ya mita. Kitu kikishaanguka humo kinasagwa na barafu kwa uzito wake, na miaka mingapi itapita kabla hakijatokea popote? Hata Denali walitupa kwenye nyufa miaka yote na mlima bado uko palepale. Kubeba mavi kwenye ndoo siku saba ukiwa na mkoba wa kilo 25 mimi naona ni kujitesa.

---

Mama Kamba:

Kaka Jabali, umetaja mlima ambao ndio ulionibadilisha mimi msimamo, basi nikueleze kilichogunduliwa pale.

Ni kweli kwamba Denali nyufa zilitumika kwa miongo. Michael Loso, mtaalamu wa barafuto, pamoja na wenzake wakaamua kuuliza hilohilo unalouliza: kinakwenda wapi? Walifanya kazi kwenye Kahiltna, barafuto inayopitiwa na njia ya West Buttress, ambayo wengi huifuata kupanda Denali. Walikadiria kwamba tangu njia ile ipandwe kwa mara ya kwanza mwaka 1951 hadi 2012, wapandaji waliacha kati ya tani 69 na 97 za kinyesi kwenye barafu ile. Halafu wakafuatilia mwendo wake. Barafuto ni mto, kaka. Juu, theluji inarundikana na kuzamisha kila kitu. Chini, barafu inayeyuka kutoka juu, na kilichozama kinaibuka. Kinasafiri ndani ya barafu kwa miongo, kisha kinatokea upande wa chini, na baridi imekihifadhi njia nzima. Hakisagwi kikaisha. Walifukia pia vielelezo vyenye bakteria za kinyesi, na bakteria wakaendelea kuishi humo.

Kwa hiyo alichotupa mtu kabla mimi na wewe hatujazaliwa kinakuja kutokea kwenye mto ambao watu wengine wako kandokando yake. Hifadhi ilikaza kanuni mwaka 2018: kinyesi cha chini ya kambi ya futi 14,200 kinashuka chote.

Na si Denali peke yake. Aconcagua, Argentina, unapewa mfuko wenye namba mlangoni na unaulizwa habari zake ukitoka. Mount Rainier, Marekani, wapandaji hupewa mifuko ya bluu na kuna mapipa ya kuiweka. Mount Whitney, hukohuko Marekani, walikuwa na vyoo njiani, wakaviondoa, sasa kila mtu anabeba chake. Mwaka 2024 manispaa ya Khumbu Pasang Lhamu, ambako Everest iko upande wa Nepali, ilitangaza kwamba wapandaji lazima wawe na mifuko na wakaguliwe wakirudi. Mwenyekiti wa manispaa alisema hadharani kwamba milima yao imeanza kunuka. Mimi maneno yale yaliniuma, maana wanaokwenda kuinukisha ni sisi, na wanaokunywa maji yake wako chini.

Unasema ni kujitesa. Kubeba kamba ya akiba nako ni kujitesa, na unaibeba.

Sasa nimalizie ya mikono na maji, maana haya ndiyo yanayowarudisha watu chini kabla ya kilele.

Mkifika kambini, kabla hata ya kusimamisha hema, amueni pande mbili. Upande wa juu, unakotoka upepo, ni wa theluji ya kunywa. Piga vijiti vyenye vitambaa, na hakuna anayekanyaga ndani ya eneo hilo na viatu vilivyotoka chooni. Upande wa chini ni choo, na papo hapo pawe na tundu moja la mkojo, moja tu kwa watu wote, lenye kijiti. Mkojo kwenye theluji si hatari kwa afya kama kinyesi, lakini watu wanne wakikojoa popote wanapotaka, kufikia siku ya tatu huna theluji ya kuiamini. Kumbuka kikundi kitakachofika baada yenu kitasoma madoa ya njano na kujua pa kuchota na pa kuacha. Yakienea kila mahali hawana pa kuchota.

Yeyusha, kisha chemsha. Kwenye mita 5,000 maji huchemka kwenye nyuzi 83 hivi, na watu hudhani joto hilo halitoshi. Linatosha. Yaache yatokote sawasawa dakika tatu, huo ndio ushauri kwa mahali palipo juu ya mita 2,000. Kuona mvuke tu na kuzima jiko ili kuokoa gesi ndiko kunakoleta kuhara.

Na mikono. Kitakasa mikono cha spiriti kinasaidia, ila hakifanyi kazi vizuri dhidi ya norovirusi, kirusi kinacholeta kuhara na kutapika, na mikono yenye mafuta ya jua na uchafu inakipunguzia nguvu zaidi. Sabuni kidogo na maji ya uvuguvugu ya nusu kikombe vinafanya kazi bora. Mimi huweka kijichupa cha sabuni kwenye mfuko uleule wa mifuko ya choo, ili mtu asipate kimoja bila kingine. Na hakuna mkono unaoingia kwenye mfuko wa chakula cha pamoja. Vitafunwa vinamiminwa kwenye kiganja. Niliwahi kupoteza kilele na watu watano kwa kuhara kulikoanzia kwenye mfuko mmoja wa karanga. Siku mbili tulilala hemani, hali ya hewa ilikuwa safi kabisa, anga haina wingu, na hakuna aliyeweza kusimama saa moja.

---

Ukutani:

Naongezea kwa wanaopanda kuta za mwamba, ambako hamna hata pa kuchuchumaa. El Capitan, ule ukuta mkubwa wa mwamba huko Yosemite, Marekani, zamani watu walitia kwenye mfuko wa karatasi na kurusha hewani, na chini ya ukuta palikuwa hapafai. Siku hizi hairuhusiwi, unashuka nacho. Wengi wetu hutumia bomba nene la plastiki ngumu (PVC), upande mmoja limezibwa kwa gundi, upande wa pili kifuniko cha kuzungusha, linaning'inia chini ya mzigo kwa kamba yake lenyewe. Mifuko iliyofungwa inaingia humo. Hakikisha kifuniko kina kikamba chake, maana kikikuponyoka ukiwa mita mia tatu juu, safari yako yote iliyobaki ni ya harufu, na aliye chini yako hana kosa.

Mkojo ukutani, lenga pembeni ya njia, mbali na mishiko na vibao vya kulalia. Mvua ikiwa haipigi pale, harufu inakaa msimu mzima.

---

Dada Theluji:

Mama Kamba amesema yote makubwa, mimi niseme ya kwetu wanawake, kwa sababu kwenye hivi vikundi vya wanaume watatu na mwanamke mmoja hakuna anayekuuliza.

Faneli ya kukojolea ukiwa umesimama inaokoa maisha kwenye baridi, lakini siyo ya kujaribia mlimani. Jizoeze bafuni ukiwa umevaa suruali zako zote za mlimani mpaka usimwage hata tone. Halafu jizoeze umepiga magoti, kwa sababu hemani huwezi kusimama. Mimi ilinichukua wiki mbili kuiamini.

Hedhi: taulo na tamponi zote zinashuka, zinaingia kwenye mfuko uleule. Ukitumia kikombe cha hedhi, damu unaimwagia kwenye mfuko wako wa choo. Kikombe kinataka mikono safi kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo weka akiba ya maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni na usione aibu kuyaomba. Mwinuko na uchovu vinaweza kuvuruga tarehe, hivyo beba vifaa hata kama kalenda inakuambia siyo wiki yako.

Na hili nalisema kwa uchungu: usiache kunywa maji ili usitoke nje usiku. Nilifanya hivyo safari yangu ya kwanza nikiwa na wanaume tupu. Siku ya nne kichwa kiliniuma nikadhani ni ugonjwa wa mwinuko, nikaanza kushushwa. Nilikuwa nimekauka tu. Kiongozi wetu aliponiuliza nimekunywa kiasi gani nilishindwa kumjibu.

---

Hatua kwa Hatua:

Shikamoo Mama Kamba, na asanteni nyote. Nimewasomea wenzangu majibu haya neno kwa neno tukiwa tumekaa sakafuni na vifaa vyetu. Yule wa nyufa alinyamaza muda mrefu aliposikia habari za Kahiltna, kisha akauliza ndoo itakuwa ya nani. Tumekubaliana kupokezana, siku moja moja. Jana usiku nilijaribu mfuko bafuni na mkanda mwilini. Vifungo vya nyuma sikuvipata kabisa nikiwa na glavu, kwa hiyo nimevifungia vikamba virefu vya rangi.

Maswali mawili yamebaki. Anayejibana bado anashikilia msimamo wake, nimwambie nini? Na tukishuka na ndoo yetu, tunaitupa wapi? Nimesikia kuna wanaomwagia kwenye choo cha shimo cha kwanza wanachokikuta.

---

Mama Kamba:

Marahaba, mdogo wangu. Hivyo vikamba ni wazo zuri, nami nitaviiga.

Anayejibana mwambie hivi. Huko juu mwili unakauka haraka, kwa kupumua tu. Ukipunguza kunywa, kinyesi kinakuwa kigumu, na siku ya nne unapokuwa huna hiari tena unakamua nusu saa kwenye baridi kali huku makalio yako wazi. Nimewahi kumshusha mtu mwenye bawasiri iliyopasuka. Hakuweza kuvaa mkanda, na kila hatua alilia. Kupunguza kula nako kunamnyima joto usiku na nguvu siku ya kilele, na nyie watatu mmefungwa kwenye kamba moja naye. Mwambie kwa upole, pembeni, bila wengine. Mara nyingi mtu anayesema hivyo anaona aibu ya kuonekana, na akishajua kwamba wenzake watageuka na hakuna atakayesema neno, huwa inaisha. Mpe nafasi ya kwanza kila asubuhi, jua linapogusa kambi, kabla hamjaanza kufunga mizigo.

Kwenye sanduku la dawa wekeni chumvi ya kuongeza maji mwilini na loperamaidi, dawa ya kuzuia kuhara. Hiyo ya pili ni ya kumwezesha mtu kushuka, na haitumiki kukiwa na damu au homa.

Ndoo: msimwagie mifuko kwenye choo cha shimo, hata kama kiko wazi na hakuna anayewaona. Plastiki haiozi humo, inaziba, na siku ya kunyonya shimo kuna mtu atakayeitoa kwa mkono. Pigeni simu ofisi ya hifadhi wiki hii, kabla hamjapanda, muulize pipa la mifuko liko mlango upi na linafunguliwa saa ngapi. Sehemu nyingine mifuko yenye poda hupokelewa pamoja na takataka za kawaida, sehemu nyingine hapana, na hilo mtalijua kwa kuuliza tu. Mkijibiwa kwamba hakuna pipa, semeni mtahitaji mahali, na waulizeni tena siku ya kuandikishwa.

Mkirudi niandikie. Nataka kujua ndoo ilikuwa na kilo ngapi.